Jina la Nyumbani

Tangu Bi Mize atangaze kwamba mwanawe Hamduni amepotea, matapeli walimwandikia kila siku. Mmoja alidai kumwona gerezani, mwingine hospitalini. Mwishowe akaacha kuzifungua barua pepe zao. Zikarundikana kwa miaka, ndipo akaenda kwa Masoudi, mwenye duka la intaneti.

"Nyumbani tunamwita jina jingine," alimwambia. "Wao hawalijui. Barua isiyo na jina hilo itupwe."

Masoudi akamfungulia ukurasa wa kuchuja barua, akampisha kiti.

"Andika hapo, mama."

"Geukia ukutani kwanza, baba. Jina hili silitoi nje."

Masoudi akageuka. Akasikia herufi zikibonyezwa moja moja, polepole.

"Na hizi za zamani?" Bi Mize aliuliza.

"Nazo zitachujwa. Bonyeza pale chini."

Akabonyeza. Masoudi alingoja aambiwe ageuke. Alipoona haambiwi, akageuka mwenyewe.

Barua mia tisa na kitu zilikuwa zimetoweka. Ilibaki moja, ya miaka miwili nyuma, haijafunguliwa. Bi Mize alikuwa ameutoa mkono kwenye kipanya, ameuficha ndani ya kanga.