Neno la Kumwita Paka

Siku ya tatu tangu paka apotee, nilitoka nyuma ya nyumba na kisahani cha samaki, nikafungua mdomo nimwite. Sauti ikatoka ng'ambo ya uzio.

"Puus, puus, puus."

Nikaganda. Hivyo ndivyo mke wangu Gunnvor alivyomwita kila asubuhi, mpaka alipofariki Februari. Mimi sikuwahi kumwita. Ilikuwa kazi yake.

Nikachungulia. Jirani yangu, mwanamke wa Kiholanzi ambaye hatujasalimiana naye tangu tugombanie uzio huohuo, alikuwa amechuchumaa kwenye theluji bila viatu, na soksi tu miguuni. Paka wangu alikuwa akimlamba kidole.

"Huyo ni wangu," nilisema.

"Mwambie mwenyewe," alijibu bila kugeuka.

"Na hilo neno umelitoa wapi?"

"Kwa bibi yangu, Uholanzi. Marehemu mume wangu alikuwa Mwairishi, na kwao ni karibu hivyohivyo. Ulidhani ni lenu Wanorwe peke yenu?"

"Nani basi aliwafundisha wote?"

"Paka. Nani mwingine angekuwa na subira?"

Nilicheka, kicheko kikatoka kama kikohozi. Naye akacheka, kisha akanitazama sana.

"Mwite, jirani. Akija, mchukue."

Paka akageuza sikio moja upande wangu. Lilikuwa jembamba, jekundu kwa baridi, nalo lilisubiri.

Lakini neno hilo lilikuwa la Gunnvor.

Nikainama juu ya uzio, nikampa jirani kisahani cha samaki.

"Anapenda akatiwe vipande vidogo," nilisema.