Kicheko cha Mwanamvua

Studio yetu ya michezo ya kompyuta ilikuwa sebuleni, na watengenezaji tulikuwa wawili tu, mimi na mke wangu Zuwena. Kwa sheria ya sasa, mchezo ukiahirishwa, walioutengeneza huchomwa sindano ya usingizi na kulala muda uleule, wakigawana sawasawa. Ile kampuni kubwa ya mjini iliahirisha mchezo wake mwaka mzima. Maelfu ya wafanyakazi wake wakasinzia kidogo baada ya chakula cha mchana, wakaamka, wakanywa kahawa. Eti hiyo ndiyo haki.

Sisi tuliahirisha miezi sita, kwa ukaidi wangu. Mtoto wa mchezoni alikuwa anacheka kama mashine, nami nikakikataa kicheko kile. Sasa kila mmoja wetu angelala miezi mitatu. Dada yake Zuwena alishafika kutoka Korogwe kumlea binti yetu mdogo, Mwanamvua.

Afisa alikuja asubuhi na sanduku lake la sindano. Kwanza akaucheza mchezo, kama ilivyo kawaida yao. Mtoto wa mchezoni akacheka.

"Anacheka nani huyu?" akauliza.

Zuwena akanishika mkono. Kabla sijafungua mdomo, Mwanamvua akaruka.

"Mimi! Baba alinitekenya!"

Afisa akatabasamu, akatoa sindano ndogo. "Aliyetia sauti naye ni mtengenezaji. Basi mko watatu. Shukuruni, mafungu yenu yamepungua."

Mwanamvua alikuwa ameshakimbilia chumbani kuchukua mto wake.