Sauti ya Katikati

Zaituni alikuwa na tabia moja mbaya: akiulizwa kama amesikia, huitikia ndiyo hata kama hakusikia kitu. Tunu, aliyemtangulia mwaka mmoja katika chuo cha udaktari na sasa akimfundisha kila jioni, alikwishamjua. Akafungua vifungo viwili vya blauzi, akauvuta mkono wa Zaituni wenye stetoskopu mpaka kifuani kwake.

"Leo usinidanganye. Niambie unachosikia, si cha kitabuni."

Zaituni akafumba macho, akakisogeza kisahani cha stetoskopu polepole.

"Dada, usinicheke. Kwanza du, halafu dup. Lakini katikati kuna sauti kama ya mtu anayepuliza jiko la mkaa."

"Moyo wangu ni mzima, wewe! Umeanza tena."

"Basi sikiliza mwenyewe."

Tunu alikuwa amesikiliza vifua vya wodi nzima, chake hajawahi. Akaichomeka mipira masikioni huku anacheka. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Zaituni akajikunyata. "Nimekosea, eti?"

"Hapana, mdogo wangu. Leo umesikia kweli," Tunu akamjibu, na mkono wake ukabaki pale pale, umekikandamiza kile kisahani cha baridi kifuani.