Harusi Haitapita Hapa

Tangu jua halijachomoza Rachadi alikuwa amesimama katikati ya lango kubwa la Mutsamudu, miguu kaitanua, mikono kiunoni, akimtafuta bwana harusi. Ni nani, hakujua. Alijua tu kwamba yupo.

Habari zilimfika kutoka Moroni, mji mkuu: kuna mtu ndani ya mji wa kale anaandaa harusi kubwa, na Alhamisi ndiyo siku yenyewe. Harusi kubwa, jamani! Serikali ya Ali Soilih imeipiga marufuku, nchi haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru, na watu bado wanataka kuchinja ng'ombe ili mtu aonekane mtu. Si kwamba kuoa kulikatazwa. Rachadi mwenyewe alikuwa ameoa majuzi tu, kimapinduzi: shehe, mashahidi, kikombe cha kahawa, basi. Kilichokatazwa ni ile harusi ya mji mzima, ambayo wengine huifanya hata wakiwa na wajukuu.

Naye ndiye mkuu wa kamati ya vijana. Harusi hiyo ikimpita mbele ya pua yake, atarudishwa Moroni kwa meli ya kwanza, kazi hana. Na mkewe, Batoul, hatamfuata. Mwanamke wa huku haiachi nyumba aliyojengewa na wazazi wake, na Rachadi alimpenda Batoul mpaka wenzake wakamcheka.

Kwa bahati nzuri, waliojenga ukuta ule walimrahisishia kazi. Waliujenga kuwazuia maharamia waliovuka bahari kutoka Bukini, kwa hiyo hawakufanya mchezo. Vijilango vya pembeni vyote, mtu hupita ubavu ubavu. Lango kubwa peke yake ndilo linaloweza kuingiza umati, na hilo nalo lina hila zake: ukipita tao la nje unakumbana na ukuta usoni, unakata kushoto chini ya matundu ambamo zamani adui alimwagiwa maji ya moto, ndipo unaingia mjini. Desturi ya hapo ilikuwa moja tu. Bwana harusi atoke nje ya ukuta, apite lango kubwa, mji mzima ukiwa nyuma yake, mpaka mlangoni kwa mkewe. Asipopita hapo, harusi haihesabiki. Basi mwenye kulishika lango ameishika harusi.

Hata wazo la kuwaita watu wote Alhamisi hiyo kwenye kazi ya kulitengeneza lango lilikuwa lake, au karibu lake. Mama mkwe wake, Moinaecha, alisema tu wakati anammiminia chai kwamba tao la lango linadondosha mawe, siku moja litaua mtu. Na kwamba mtu mwenye jiwe kichwani hana nafasi ya kuoa. Rachadi alicheka mpaka chai ikampalia. Wenzake wote walikuwa na mama wakwe wanaoililia harusi waliyonyimwa. Wa kwake hajawahi kunung'unika hata siku moja.

Mji ukatoka wote kwenda ufukweni kuchukua mawe na chokaa. Wanawake wakaja na ngoma, kazi iende kwa mwendo mmoja. Moinaecha akamfunga mkwewe kitambaa cheupe kichwani, vumbi la chokaa lisimharibie nywele. Ng'ombe wawili wakachinjwa, Rachadi akakunja uso, na mama mkwe akamuuliza kwa upole kama mapinduzi yanataka watu wafanye kazi na njaa. Rachadi akarudi langoni.

Mtuhumiwa alikuwa naye tayari: Inzoudine, mfanyabiashara wa mji jirani wa Mirontsy, ambaye alikuja kubeba mawe akiwa amenyoa vizuri na kujipaka manukato. Rachadi akamwamuru asiondoke ubavuni pake. Inzoudine hata hakuchukia. Jua lilipokuwa kali akamfungulia mwavuli, akamshikia.

Wanawake waliimba. Rachadi alikuwa mtu wa Ikoni, kisiwa kingine, na Kindzuani, lugha ya hapa, kikienda mbio humwacha njiani.

"Wanasemaje?" aliuliza.

"Wanausifu mkono unaojenga," alijibu Inzoudine, akageuka kuitazama bahari.

Baada ya alasiri ikaja saa ya hatari, mawe kuingizwa mjini. Fundi alitaka yarundikwe kwenye uwanja ulio mbele ya nyumba ya Moinaecha, maana ndio mpana. Rachadi hakuwa mjinga. Aliapa kwamba mtu hatamtangulia langoni, akaweka jiwe begani, akaongoza mwenyewe. Tao la nje likampita juu, ukuta ukaja usoni, akakata kushoto, na kutoka kwenye matundu yakamdondokea maji yaliyonukia vizuri. Ya kutuliza vumbi, Inzoudine alimweleza. Nyuma yao mji mzima ukapiga vigelegele.

Alipolitua jiwe uwanjani, wazee waliokaa barazani walisogea wakampa nafasi. Mzee Fakri, ambaye tangu Rachadi aje Mutsamudu hakuwahi kumpa zaidi ya salamu, alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Sasa umekuwa mwenzetu," alisema.

Rachadi alitaka kulia. Lango limepona, watu wanakula, jua linazama, na Inzoudine bado yuko pale na mwavuli wake. Moroni watasikia kwamba Alhamisi imepita salama.

Akapanda ngazi mbio kumpa mkewe habari. Batoul alikuwa ameshinda ndani kutwa nzima, kichwa kinamuuma. Rachadi aliinama nje ya pazia la chumba kuvua viatu vyake vilivyojaa chokaa.

"Hakupita!" alimwambia kwa furaha. "Nimelikalia lango siku nzima. Huyo bwana harusi wao sijamwona hata kivuli."

Nyuma ya pazia bangili nyingi za dhahabu zililia kwa pamoja.

"Umeniletea mji mzima mpaka mlangoni, mume wangu," alisema Batoul, "na bado unamtafuta?"