Moshi Mweupe Kwenye Kiungo

Waya ulikuwa umeanza kuwa mweusi, na mkemia hakuweza kutulia mahali pamoja. Mara kumi na moja alikuwa ameshindwa. Leo, ndani ya bomba la kioo, hidrojeni ilikuwa ikiinyang'anya kloridi ya boroni klorini yake, na boroni tupu ikiganda kwenye waya wa moto.

"Shemeji, njoo uone!"

Mume wa dada yake, fundi wa vioo aliyelitengeneza bomba lile, aliinamisha uso karibu kabisa. "Hiki ndicho kilichokukondesha?"

Hapo mkemia akaona moshi mweupe, mwembamba kama uzi, ukitoka kwenye kiungo cha bomba, shibiri moja tu kutoka shavuni mwa shemeji. Gesi ya sumu ilikuwa inavuja. Akizima ghafla moto unaoupasha waya, waya utakatika.

"Rudi nyuma!"

"Aa, ni ufa mdogo, nitau..."

Mkono ulitangulia akili. Akazima moto, akafunga hidrojeni, akamburura kwa ukosi wa shati hadi mlangoni. Nyuma yao waya ulikatika, boroni ikamwagika kama masizi.

"Umeiharibu," shemeji alinong'ona.

"Ungeumia, dada angenila mzimamzima."

Alitaka kucheka, lakini vidole vilikataa kuuachia ukosi.