Sahani ya Kwanza ni ya Paka

Mwokaji alimsogezea paka sahani ya wali na maharage. Paka akala, akalamba mdomo, akajinyoosha. Mke alisimama mlangoni, upawa mkononi, akitazama chakula chake kikijaribiwa kwa mnyama.

"Haya, hajafa," alisema. "Kula basi, mume wangu."

"Nimeshiba."

Ameshiba nini, jamani? Mtu amebaki mifupa na macho! Tumbo limemvimba, kuhara hakukomi, ngazi za duka lake la mikate anazipanda akihema. Alikuwa na hofu, tena hofu kubwa: kuna mtu anamuua polepole, na analala naye kitanda kimoja.

Aliyemfungua macho ni dada yake. "Wiki ile wifi alipokwenda kumuuguza mama yake, na tanuri lako limeharibika, si ulijichemshia viazi ukapata nafuu? Karudi tu, umeanza tena. Kikulacho ki nguoni mwako, kaka."

Mwokaji akakung'uta unga kwenye shati lake.

Tangu hapo hakugusa sufuria ya mkewe. Alikula mkate wake tu, alioukanda na kuuoka mwenyewe, akaufungia kabatini na ufunguo akauvaa shingoni. Hali ikazidi kuwa mbaya. Akaamini kwamba mwanamke amepata njia nyingine, labda kwenye maji, labda kwenye shuka. Paka naye, kwa wali na maharage ya kila siku, alinenepa hadi akashindwa kuruka dirishani.

"Nikuapie kwa lipi?" mke alilia.

"Usiape. Ondoka."

Akafungasha virago asubuhi hiyo hiyo. Mlangoni akageuka, uso umelowa machozi. "Nimekupikia kwa moyo wangu wote. Siku ukiujua ukweli, usinitafute."

Roho ilimuuma mwokaji, asikudanganye mtu. Lakini alishusha pumzi pia, maana sasa angepona. Akafungua kabati, akala mkate mzima kwa raha. Siku chache baadaye akaanguka mbele ya tanuri.

Hospitalini walimtoa damu, wakampitishia mpira wenye kamera hadi kwenye utumbo. Majibu yalipotoka, hakusubiri daktari akae.

"Niambie ni sumu gani. Nataka nikamshtaki mtu."

"Hakuna sumu, mzee. Una ugonjwa unaitwa siliaki. Utumbo wako haupatani na ngano, kila tonge linauchubua. Mkate, keki, tambi, basi tena, maisha yako yote. Hata kazi ya unga itabidi uiache."

Mwokaji aliushika ufunguo shingoni.

"Usiogope, utapona," daktari alisema kwa upole. "Dawa yako ni chakula. Wali, maharage, viazi, mboga, kwenye sufuria isiyoguswa na unga wa ngano. Nyumbani una mtu wa kukupikia?"