Vidole Vyenye Baraka

Zamani, wanyama walipokuwa bado wakialikana harusi, Nyenje alikuwa mpiga fidla katika kundi la taarabu, na hakuna aliyemshinda. Lakini wageni walipoinuka kutunza, mtama wote walimmiminia Chiriku, mwimbaji. Wakipita kwa Nyenje walimwambia, "Vidole vyako vina baraka," kisha wakaenda zao.

Baraka hazinunui nyuzi. Nyuzi za fidla aliziuza Buibui peke yake, na bei yake ilimeza ujira wa Nyenje kabla haujapoa mkononi.

"Wageni hawa ni viziwi," Nyenje alimlalamikia. "Bila fidla, Chiriku ni kelele tu. Ningekuwa nacho mimi, ningewatunza wapigaji kwanza."

"Basi njoo tuuze nyuzi," akasema Buibui. "Fidla haijamshibisha mtu bado."

Nyenje akaitundika fidla ukutani, akaingia dukani. Wapigaji wakaja kununua kama kawaida yao, naye akanenepa, akaanza kualikwa harusini na kuwekewa kiti cha mbele.

Kwenye harusi ya Kanga, Chiriku alipopandisha sauti, Nyenje hakujiweza. Aliinuka akicheza, akamtunza Chiriku mpaka mfuko wake wa mtama ukabaki mtupu. Alipokuwa akirudi kitini, Panzi, mpiga fidla mpya, akamnong'oneza, "Kaka Nyenje, na sisi huku nyuma?"

Nyenje akamshika bega kwa upole.

"Ndugu yangu, vidole vyako vina baraka," akasema. "Na kesho upite dukani, nyuzi mpya zimefika."